Milimita na Mstari wa Nyuma

Mji mzima ulimwita Milimita, na msidhani lilikuwa jina la mzaha. Miaka thelathini alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu akipanga vigae, na kama kuna mteja aliyewahi kumwita arudi kwa sababu kigae kimoja kimenyanyuka kuliko mwenzake, basi mteja huyo hajazaliwa. Angeweza kuja kwako kukusalimia tu, akanywa chai yako, akakujulia hali wewe na wanao, kisha akiwa anaaga akakwambia fremu ya mlango wako imelala kidogo upande wa kushoto. Nawe ukipima ukakuta kweli imelala, na usingizi ukaisha siku hiyo hiyo. Mumewe alikwishazoea. Nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kugusa picha ya ukutani ila yeye.

Sasa mtu wa namna hii aliingiaje kwenye mchezo wa pikoboli? Aliingizwa na wifi yake. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa karani wa shule ya msingi, mwanamke ambaye Mungu alipogawa sauti ya kunong'ona alikuwa ameenda kuchota maji. Yeye na wenzake walikuwa wameupokea mchezo huo mpya na kuuchezea kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya ukumbi wa jamii. Wala hakumwita wifi yake aje kucheza. Alimwita kikazi.

"Wifi, mistari yetu kachora mlevi," alimwambia. "Njoo utunyooshee, tunagombana kila siku."

Milimita akaja na kamba, chaki na futi yake ya chuma. Akapima urefu, mita kumi na tatu na sentimita arobaini na moja. Akapima upana, mita sita na sentimita kumi. Akapima na lile eneo la mbele ya wavu, mita mbili na sentimita kumi na tatu kila upande, ambalo wachezaji wanaliita jikoni. Ukiwa umekanyaga humo huruhusiwi kuupiga mpira ungali hewani, shurti udunde kwanza. Akapaka rangi nyeupe, akakaa kwenye benchi kungoja ikauke, huku akiwatazama watu wazima na mvi zao wakirushiana mpira wa plastiki wenye matundu kwa vibao vifupi na kucheka hadi kushika mbavu. Alimwambia wifi yake huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Wiki iliyofuata alikuwa ameshika kibao.

Mwanzoni alicheza vibaya, tena vibaya sana. Mtu aliyebeba maboksi ya vigae miaka thelathini ana mikono, na yeye aliitumia yote. Kila mpira uliomjia aliukandika kana kwamba umemtukania mama yake, ukaenda kutua kwenye maua ya mlinzi wa ukumbi. Wenzake wakawa wanamtania kwamba akianzisha yeye, mtu mmoja ajitolee kwenda kusimama barabarani.

Aliyemtengeneza alikuwa Mwalimu, bibi wa miaka sitini na saba, mstaafu wa hesabu, mwembamba, asiyekimbia hata siku moja. Mwalimu alikuwa akisimama mstarini mwa jikoni na kuudondosha mpira ng'ambo ya wavu polepole, chini kabisa, na vijana wenye misuli wakawa wanaufuata wameinama hadi migongo inalia. Siku moja alimshika Milimita mkono.

"Fundi, kigae ukishakilaza unakipiga na nini?"

"Nyundo ya mpira, Mwalimu."

"Unakipiga kwa nguvu?"

"Nikikipiga kwa nguvu si kitapasuka? Nakigonga tu kikae."

"Haya. Na huu mpira ugonge tu ukae."

Basi, akili ikamkaa sawa. Kwa miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, alisimama uani mbele ya ukuta aliouchora mstari wa chaki wa sentimita tisini, akawa anaugonga mpira upite juu ya mstari huo kidole kimoja tu, mara mia mbili, mumewe akipiga mswaki na kumhesabia. Siku ya kwanza mpira wa pole ulipomtoka mkononi, ukavuka wavu, ukafia jikoni kwa wapinzani bila mtu kuugusa, alifurahi kuliko siku alipomaliza nyumba yake mwenyewe. Aliona haya kuisema furaha hiyo, lakini aliisema, tena kwa watu wote waliokuwepo, mara tatu.

Na watu wenyewe ndio waliomrudisha pale kila Jumatano na Jumamosi. Kwenye benchi la kando kulikuwa na foleni ya vibao badala ya foleni ya watu: ukifika unaweka kibao chako mwisho, na vile vinne vya mbele ndivyo vinavyoingia kiwanjani, awe ni nani mwenye navyo. Kwa hiyo daktari wa meno alijikuta kajipanga na fundi viatu, na mkuu wa shule akatolewa nje na mpishi wake mwenyewe. Katikati ya michezo walikunywa chai ya chupa na kusengenyana uso kwa uso, ambako ndiko kusengenyana kwa heshima. Milimita, ambaye kazi yake humfungia peke yake kwenye bafu za watu kutwa nzima, aliona kiu ya maneno ya miaka mingi inakatika.

Ila kuna jambo moja mlielewe vizuri, maana ndilo lililozua haya yote. Mchezo huu, kwa wanaocheza kwa kujifurahisha, hauna refa. Mpira ukiangukia upande wako, wewe ndiye unayesema ni wa ndani au wa nje, na mwenzako anakubali neno lako. Ukiwa umegusa mstari, ni wa ndani. Na usipouona vizuri, uwe wa ndani pia. Shaka yote ni ya mpinzani. Kanuni hiyo Milimita ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni, mkono kiunoni. Kwa sababu mistari aliichora yeye na jicho lake linajulikana, watu walifika mahali pa kumwuliza hata mipira ya michezo ya wenzake. "Milimita kasema," wakishasema hivyo, kesi imekwisha.

Na macho yenyewe yalikuwa yanamtoroka.

Yalianza miezi sita nyuma. Kitu kilichotulia alikiona, lakini kinachokwenda mbio kilimjia kama kimefunikwa na nailoni, na jua likiwaka ndiyo kabisa. Kazini hakuna aliyegundua, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimechukua zamu kimya kimya: alikuwa anapitisha ukucha kwenye kila kiungo cha vigae, na ukucha haudanganyi. Kiwanjani alijitia hamnazo. Mpira ukianguka karibu na mstari alikuwa anaita kwa mazoea, kwa mlio wake, kwa kukisia, na kwa sababu aliita kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, hakuna aliyembishia. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Mtu anayeitwa Milimita ataanzia wapi kusema haoni?

Tena wakati wenyewe haukuwa wa kusema. Miongoni mwa wachezaji alikuwemo Mkandarasi, mwanamume mrefu mwenye haraka, aliyekuwa akimpa Milimita kazi kwa miaka kumi. Sasa alikuwa anajenga zahanati, vyumba kumi na vinne, sakafu na kuta, kazi ya karibu mwaka mzima, na mafundi wanne walikuwa wanaitolea macho. Jumatano walipokuwa wanavua viatu alimwambia Milimita, "Jibu la zahanati nitakupa Jumatatu, mama. Zahanati si sebule. Kigae kikinyanyuka kidogo tu, machela inakwama, mgonjwa anaanguka. Nataka jicho lako." Milimita akajibu kwamba jicho lipo.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kufa kupona kwa wifi. Ukumbi ulikuwa unatafuta jozi moja ya kwenda kucheza na watu wa mji wa pili, na wifi alikuwa ameitamani safari hiyo kwa miaka miwili, fulana kashonesha kabisa. Asubuhi Milimita alitangulia kiwanjani, akaona mstari wa nyuma umepauka, akaupaka rangi upya. Wingu lilikuwa limetanda na rangi ikawa inakauka kwa uvivu, lakini watu walikwisha kufika, akawaambia tu wasiukanyage.

Mchezo wa mwisho ukawakutanisha Milimita na wifi yake dhidi ya Mkandarasi na Mwalimu. Nawaambia ulikuwa mchezo. Mwalimu alidondosha, Milimita akadondosha. Mwalimu akapeleka kulia, Milimita akarudisha kulekule, wakawa wanagonganishana mipira ya pole juu ya wavu hadi watu kwenye benchi wakaacha chai ikapoa. Safari hii mpira wa karibu Milimita aliuona, na mkono wake haukuwa na wasiwasi. Wifi naye alikuwa anakimbia kila upande akipiga na kusema. Wakafika pointi kumi kwa tisa, wifi na wifiye wako mbele na wao ndio wanaoanzisha. Kushinda ni kumi na moja, tena kwa kuzidi pointi mbili.

Wifi akaanzisha. Mpira ukaenda ukarudi mara kumi, kumi na tano. Mara Mkandarasi akainua kibao chake na kuutupa mpira juu sana, ukapita kichwani mwa wifi, ukashuka kuelekea nyuma. Milimita akageuka, akakimbia. Akaona kitu cha njano kinakwenda, kikawa ukungu, akasikia mdundo.

"Nje," akasema. Aliitoa kwa sauti ileile ya siku zote.

Wifi akarusha kibao juu akakidaka. Benchi zima likasimama. Mkandarasi alikuwa upande wa pili, hakuona, wala hakuuliza. "Milimita kasema," alisema, akicheka, akaanza kuja wavuni kugonga vibao na washindi kama ilivyo desturi. Wifi alishatoa simu kumpigia kaka yake.

Milimita akaenda kuuokota mpira. Uligonga uzio ukarudi, ukawa unazunguka karibu na miguu yake. Alipoushika, kidole gumba kikateleza. Akauleta karibu na uso, hapo ambapo macho yake bado yanafanya kazi, na akaona upande mmoja wa mpira una rangi nyeupe, mbichi, alama ya mstari aliouchora yeye mwenyewe asubuhi.

Alisimama pale kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Msimsifu bure, mambo mengi yalimpita kichwani, na si yote ni ya kusimulia. Suruali yake ya kazi ilikuwa na rangi kila mahali. Kuupangusa tu mara moja pajani, nani angejua? Alikuwa anamwona Mkandarasi wavuni amenyoosha kibao, na nyuma yake akiziona kuta za zahanati, chumba baada ya chumba. Aliogopa kwelikweli. Kisha akajisikia hasira, tena hasira juu yake mwenyewe, kwa kusimama hapo anapiga hesabu ya kudanganya watu waliomwachia neno la mwisho.

Akaja wavuni ameuinua mpira.

"Ulikuwa ndani," alisema.

Wifi akashusha simu. "Wifi, umesema nje."

"Nimesema. Tazameni rangi. Umegusa mstari."

Mkandarasi akautazama mpira, akamtazama yeye. Alikuwa mtu wa kutafuta njia ya kuyamaliza mambo haraka. "Ah, mama, mpira mmoja tu. Uliuona vibaya, basi."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Milimita aliuona. Angesema ndiyo, nimekosea mara moja, na jina lake lingebaki pale lilipo.

"Sikuuona vibaya," alisema. "Sikuuona. Miezi sita sasa kitu kikienda mbio sikioni. Nimekuwa naita kwa kukisia."

Mtu mmoja kwenye benchi akaweka kikombe chini taratibu sana. Mwalimu ndiye aliyesema kwanza, naye hakuremba. "Kanuni unaijua."

"Naijua, Mwalimu. Mpira wenu."

Wakarudi kucheza. Mkandarasi na Mwalimu walichukua pointi tatu mfululizo, na kwa kila mpira ulioanguka karibu na mstari Milimita alisema "Ndani" hata kabla wifi hajafungua mdomo. Kumi na mbili kwa kumi. Wakagonga vibao wavuni. Mkandarasi alifunga mkoba wake, akaondoka na haraka zake.

Wifi hakusema kitu mpaka getini, na kwa wifi hiyo ilikuwa ni kama mtu mwingine kufunga mwezi mzima. Halafu akasimama.

"Fulana nimeshonesha," alisema.

"Najua, wifi. Nisamehe."

"Hiyo nimekusamehe. Nataka kukuuliza kitu kingine." Alikuwa anaongea chini, jambo lililomtisha Milimita kuliko makelele. "Miezi sita. Mipira mingapi ilikuwa ya ndani?"

"Sijui."

"Na tuliyoshinda?"

"Sijui, wifi. Ndiyo inayoniuma."

Na ilimuuma kweli. Jioni akamweleza mumewe yote, kisha akakaa akaandika kwenye kikundi cha simu cha wachezaji, bila kujitetea: tangu miezi sita nyuma nimeita mipira nisiyoiona, nawaomba radhi, kuanzia sasa mipira ya upande wangu ataita mwenzangu. Wengine wakajibu kwa upole, wengine wakajibu kwa utani. Wawili hawakujibu kabisa, naye akasema moyoni wana haki yao. Mkandarasi alimjibu pembeni, nje ya kikundi, kwa maneno machache: "Jumatatu saa mbili. Zahanati. Njoo na zana." Jumapili asubuhi wifi naye akapiga. "Bado umeniudhi," alisema. "Nije nikusindikize kwa Mkandarasi?" Milimita akamwambia asithubutu, atamtia kiwewe yeye na mwenye kazi pia.

Jumatatu alifika saa mbili kasorobo. Mkandarasi akampeleka kwenye chumba kidogo cha kunawia, mita mbili kwa mita moja na nusu, sakafu tupu, maboksi ya vigae pembeni.

"Nitasema wazi," alisema. "Wale wengine watatu wameniambia macho yao ni mazima. Wewe umeniambia mbele za watu kwamba yako si mazima. Kwa hiyo panga hiki. Saa kumi nakuja kukagua."

Kwa miaka kumi hakuwahi kukagua kazi yake hata kwa kuchungulia. Milimita alilisikia neno lile likimchoma, akalimeza, maana alikuwa amelitafuta mwenyewe. Kisha akapiga magoti, akakoroga gundi, na mara tu kigae cha kwanza kilipolala, hofu ikamtoka. Hii ni kazi yake. Nyundo ya mpira, misalaba midogo ya plastiki kwenye viungo, pima maji, ukucha. Alipiga mluzi mpaka mchana.

Saa kumi Mkandarasi akaja na rula ndefu ya alumini. Akatandika ubao, akapiga magoti juu yake, akaanza. Aliweka rula huku, akaiweka kule, akaigeuza mshazari. Akawasha tochi ya simu akailaza sakafuni aone kama kuna kivuli. Alichukua robo saa nzima, jasho likimtoka, na Milimita amesimama mlangoni kakunja mikono, hana hata wasiwasi.

"Safi," alisema Mkandarasi mwishowe, akianza kuinuka. "Sijaona kitu."

"Rudi chini," Milimita akamwambia. "Kipo kimoja."

"Wapi?"

"Cha tatu toka mlangoni, kona ya kushoto. Kimepinda tangu kiwandani, kidogo tu, rula yako haionyeshi. Pitisha ukucha."

Akapitisha. Akapitisha tena. Uso ukambadilika. "Hiki? Nani atakijua hiki, mama?"

"Mimi nimekijua." Kigae kingine alikuwa nacho tayari mkononi. Alimsogeza Mkandarasi kwa bega, akang'oa kile kibovu kabla gundi haijashika, akakilaza kipya, akakigonga kikae. "Nilikiacha nione kama unajua kukagua. Hujui. Utajifunza, maana vyumba vyote utavikagua mwenyewe, kimoja kimoja. Sitaki tena mtu achukue neno langu bila kutazama."

Mkandarasi akakaa pale pale kwenye ubao, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akajipangusa suruali, akasimama, akampa mkono wenye vumbi la gundi. "Vyumba kumi na vitatu vimebaki. Unaanza kesho?"

"Kesho siwezi," Milimita akamjibu, akiosha vyombo vyake. "Kesho nakwenda kupimwa macho. Keshokutwa."